Kumtafuta Ole: shajara ya kufuatilia wazee wa Kinorwei wa upande wa mume wangu

Februari 2025

Lengo ni fupi ukiliandika. Tunataka kujua mzee wa kwanza wa ukoo wa mume wangu kuingia Minnesota alitoka sehemu gani ya Norwei, wazazi wake walikuwa akina nani, na ndugu zake walibaki au walimfuata. Watoto wangu, kwa upande wa kwetu Iringa, wanajua babu wa babu yao kazikwa wapi na ni nani aliyempa jina. Upande wa pili wana jina la ukoo na hadithi za mezani tu. Baba mkwe ameomba jambo hili lifanyike yeye akiwa bado anasoma bila kusomewa, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye moyo wa kukaa na makaratasi, kazi imeniangukia.

Mwaka wenyewe unachochea. Tarehe 4 Julai 1825 mashua iliyoitwa Restauration iling'oa nanga Stavanger, Norwei, ikiwa na watu 52, ikafika New York tarehe 9 Oktoba ikiwa na 53, maana mtoto alizaliwa njiani. Kwa sheria ya Marekani ya 1819 watu hao walikuwa wengi mno kwa chombo kidogo namna ile, kwa hiyo ikakamatwa na kupigwa faini, mpaka Rais John Quincy Adams akaisamehe. Hao ndio wanaohesabiwa kuwa kundi la kwanza la Wanorwei kuhamia Marekani. Katika miaka mia iliyofuata waliondoka zaidi ya watu 800,000, kutoka nchi ambayo sensa yake ya 1865 ilihesabu watu milioni 1.7 tu. Sasa inatimia miaka 200, na huku Minnesota hata waliokuwa hawajali wameanza kuuliza habari za babu zao.

Majina halisi ya ukoo siyaweki hapa. Mzee nitamwita Ole, baba yake Hans, na jina la ukoo la leo nitaliita Haugen. Ni majina ya kuazima, ila nimechagua yanayotesa sawasawa na yale ya kweli. Ukimwulizia Ole Haugen kwenye kumbukumbu za Norwei, unaletewa umati.

Tunachoanza nacho ni hiki. Kwa wifi yangu kuna kasha la mbao la safari, la buluu iliyofifia, lina maua yaliyochorwa kwa mtindo wa kwao na mikanda ya chuma kwenye pembe. Mbele limeandikwa OHS, na chini yake 1869. Kila mtu kwenye ukoo ana maelezo yake kuhusu ile S. Kuna jiwe la kaburi katika kaunti ya Otter Tail linalosema mzee alizaliwa tarehe 14 Septemba 1846 na kufa 1921. Kuna picha ya harusi isiyo na maandishi nyuma. Halafu zipo hadithi mbili: kwamba jina letu lilibadilishwa na karani wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji cha New York, na kwamba kule kwao tulikuwa na shamba kubwa lenye jina letu.

Ya Ellis Island nimeitoa mapema. Kituo kile kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, na kasha linasema 1869. Hata waliopita pale, makarani walikuwa wakisoma orodha iliyoandaliwa na kampuni ya meli kabla chombo hakijafika. Hawakukaa wakiwabatiza watu upya. Baba mkwe hakupendezwa.

"Baba yangu mwenyewe ndiye aliyenisimulia," alisema.

"Sawa, Baba. Tuiweke pembeni, hatuitupi."

Machi

Kanuni ya kazi hii ni kuanza na aliyekufa karibuni kisha kurudi nyuma ngazi kwa ngazi, hata kama hamu inakuvuta uruke moja kwa moja mpaka Norwei. Nimeshinda kwenye maktaba ya Minnesota Historical Society hapa Saint Paul, ambako kuna vyeti vya vifo vya jimbo zima kuanzia 1908. Cheti cha Ole kipo. Mahali pa kuzaliwa: Norwei. Jina la baba: Hans. Jina la mama: halijulikani. Aliyetoa taarifa ni mwanawe, mzaliwa wa hapa, na inaonekana hakuwahi kuuliza.

Sensa za Marekani zimetoa zaidi. Ile ya 1890 karibu yote iliharibika baada ya moto wa 1921 Washington, kwa hiyo kuna pengo la miaka ishirini ambalo kila mtafiti wa hapa analilaani. Lakini ya 1900 ni dhahabu, maana iliuliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na mwaka wa kuingia nchini. Ole aliingia 1869, sawa na kasha. Mwezi wa kuzaliwa: Novemba 1846.

Kaburi linasema Septemba, sensa inasema Novemba. Nimeandika yote mawili kwenye daftari nikaacha nafasi katikati.

Nimepitia pia miti ya ukoo ambayo watu wamejichorea mtandaoni. Mzee wetu yumo katika mingi, na yote inamweka Nes, katika eneo la Romerike, mashariki ya Norwei, amezaliwa Septemba 1846. Inakubaliana hadi kwenye nukta. Nilipoangalia ushahidi waliouweka, mti wa kwanza unarejea wa pili, wa pili unarejea wa tatu, na wa tatu unarejea wa kwanza. Hakuna hata mmoja wenye ukurasa wa kitabu chochote.

Aprili

Nilimpigia baba yangu simu Iringa. Amestaafu uinjilisti, na miaka yote ya utoto wangu alikuwa akijaza vitabu vya usharika kwa wino mweusi, hataki mtu amguse mkono.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hao wazee wenu wa Ulaya mmewapata?"

Nikamweleza nilipokwama. Akacheka kidogo. "Hao si Walutheri? Basi unahangaika na serikali ya nini. Nenda kanisani. Tena usiishie kwenye ubatizo, tafuta na kipaimara. Mchungaji anaweza kukosea tarehe ya mtoto mchanga asiyemjua, lakini kijana aliyemfundisha mwenyewe hamkosei."

Kwa hiyo nimekwenda kanisani, kwa maana ya vitabu vyake. Sharika za Wanorwei huku Marekani ziliandika kila kitu kwa lugha ya kwao kwa miongo mingi, na wachungaji wake walikuwa na desturi ambayo karani wa serikali hakuwa nayo: waliandika muumini katokea usharika gani kule nyumbani. Karani wa kaunti akisikia Norwei ameridhika. Mchungaji alitaka kujua ni Norwei ipi. Vitabu vingi vimepigwa picha, vingine vinasomeka kwenye kituo cha nasaba cha Wanorwei kilichoko Madison, Wisconsin, ambacho watu huku hukiita Naeseth kwa kifupi.

Kwenye daftari la washiriki la usharika wa Otter Tail, Ole yumo mstari wa saba kutoka juu, mkewe chini yake. Mahali alipozaliwa: Næs. Tarehe: 14, kisha alama iliyonifanya nisogeze pua kwenye kioo, *9br*, kisha 1846.

Hapo ndipo Septemba ilipozaliwa. Makarani wa zamani walifupisha miezi kwa hesabu ya Kilatini: 7br ni Septemba, 8br ni Oktoba, 9br ni Novemba, 10br ni Desemba. Mchungaji aliandika Novemba. Watoto waliochongesha jiwe mwaka 1921 walikuwa wamesoma shule za Kiingereza, wakaona tisa, wakahesabu mwezi wa tisa. Walioikuza miti ya mtandaoni wakaichukua tarehe ya jiwe, wakamtafuta mtoto aitwaye Ole mwenye baba Hans aliyezaliwa Septemba kwenye Nes yoyote, wakampata. Alikuwepo kweli, maskini. Ila si wetu.

Tena Nes zenyewe ni nyingi. Kuna Nes ya Romerike, kuna Nes ya Hedmark kando ya ziwa Mjøsa, na kuna Nes ya bonde la Hallingdal, na zote tatu zilikuwa sharika. Kuijua yetu nimewatazama majirani. Kwenye ukurasa uleule wa daftari, juu na chini ya Ole, wametapakaa watu wa Gol, wa Hemsedal, wa Flå. Hayo yote ni ya Hallingdal. Watu hawa walihama kwa vikundi, kaka akimwita mdogo wake, jirani akimwita jirani, na walipofika wakajenga makanisa na kuyapa majina ya nyumbani: mpaka leo katika kaunti ya Goodhue, kusini mwa jimbo hili, kuna kanisa la Gol na kanisa la Vang, na Ole alianzia Goodhue kabla ya kuhamia kaskazini. Mtu wa Romerike angefanya nini katikati ya watu wa Hallingdal? Inawezekana, lakini naanza na linaloelekea.

Mei

Norwei imeweka nyaraka zake za zamani wazi bila malipo kwenye Digitalarkivet, jumba la kidijitali la hifadhi yao ya taifa. Vitabu vya sharika, sensa, orodha za wahamiaji, vyote viko pale, ukurasa kwa ukurasa. Nimewahi kuona ndugu zangu wakisafiri toka Iringa hadi Dar kutafuta karatasi moja. Huku nimekaa jikoni na chai, nasoma ubatizo wa 1846.

Nasema nasoma, lakini wiki za mwanzo nilikuwa natazama tu. Mwandiko ni wa Kigothi, jamaa mmoja na ule wa mafaili ya Wajerumani yaliyoko Hifadhi ya Taifa Dar es Salaam. E inafanana na n, h ina mkia juu na mkia chini, na s ziko za namna mbalimbali. Lugha nayo ni Kidenishi, maana Norwei ilikuwa chini ya Denmark hadi 1814 na maandishi yaliendelea hivyo miaka mingi baadaye. Nilichofanya ni kutafuta maneno yanayorudiarudia kwenye kila ukurasa, nikayanakili kwa mkono mpaka vidole vikazoea. Ukishalijua neno la "aliyezaliwa", "mke" na "mdhamini" kwa mwandiko wa mchungaji huyo mmoja, umeshapata nusu ya herufi zake. Mchungaji akihamishwa, unaanza upya na mwandiko wa mwingine.

Ukurasa wa Nes, Hallingdal, Novemba 1846. Wanaume kwenye ukurasa wao, wanawake kwenye wao. Namba ya mtoto, siku ya kuzaliwa: 14. Siku ya kubatizwa kanisani: 29, ambayo nimepiga hesabu nikaona ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Jina: Ole. Wazazi: baba Hans, mama Kari, wote na majina ya baba zao. Makao: Haugeneiet. Wadhamini watano, kila mmoja na jina la shamba lake. Kwenye safu ya mwisho mchungaji ameandika kwamba wazazi ni wanandoa.

Sasa ile OHS. Ukoo mzima wa mume wangu ulikuwa unaisoma kwa macho ya Kimarekani: jina la kwanza, la kati, la mwisho. Kumbe ni Ole, Hans, Søn. Ole mwana wa Hans. Kasha la dada yake lingekuwa na D mwishoni, kwa *datter*. Mtu wa kwetu hahitaji darasa kwa hili, maana kitambulisho changu mwenyewe kina jina langu, la baba na la babu, na dada wa baba yangu hana jina la mwisho sawa na langu wala hakuna anayeshangaa. Watoto wa Ole kama wangezaliwa Nes wangeitwa Olsen na Olsdatter. Mke hakubadili jina kwa kuolewa, alibaki binti wa baba yake mpaka kaburini, jambo linalomsaidia sana mtafiti. Majina ya ukoo yasiyobadilika yalilazimishwa na sheria kule Norwei mwaka 1923 tu, Ole akiwa amezikwa tayari.

Na jina la tatu, lile la shamba, lilikuwa anwani. Ukihama shamba, anwani inabadilika. Mtu mmoja anaweza kubatizwa chini ya shamba moja, akapata kipaimara chini ya lingine na kuoa chini ya la tatu, bado ni yeye yuleyule. Kwa hiyo nimeacha kabisa kutafuta kwa jina la ukoo. Natafuta kwa tarehe, usharika na shamba, halafu jina ndilo linathibitisha mwishoni.

Juni

Baba yangu alikuwa sahihi kuhusu kipaimara. Norwei iliifanya kuwa lazima kisheria tangu 1736, na bila hiyo kijana hakuweza kuoa. Ole anaonekana 1862: tarehe ya kuzaliwa 14 Novemba 1846, wazazi walewale, makao yaleyale. Pembeni kuna siku aliyochanjwa ndui, kwa sababu serikali ilitaka ushahidi huo uandikwe. Na kuna alama yake ya maarifa ya dini. Amepata kitu kama "nzuri kiasi". Nilipomsomea baba mkwe alicheka hadi akakohoa, akasema hiyo imerithiwa na ukoo mzima.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kumwambia. Ile tamati ya Haugen*eiet* inaonyesha kwamba nyumba yao ilikuwa kibanda katika ardhi ya shamba la Haugen. Hans alikuwa *husmand*, mpangaji aliyepewa kipande cha kulima na kulipa kwa siku za kazi kwa mwenye shamba. Sensa ya 31 Desemba 1865 imeweka kila kitu wazi, maana iliorodhesha hadi mifugo na mbegu. Hans, husmand mwenye ardhi. Ng'ombe mmoja, kondoo wanne, mbuzi wawili. Farasi hakuna. Mbegu: shayiri kidogo na viazi. Watoto sita ndani ya nyumba hiyo, na Ole ameandikwa ana miaka 20. Hakuwa ameitimiza, sensa ile ilihesabu mwaka unaoendelea, kwa hiyo wa miaka 19 anaandikwa 20. Anayetoa 20 kwenye 1865 anapata 1845 na kuanza kumsaka mtoto asiyekuwepo.

Baba mkwe alikaa kimya muda. Halafu akauliza, "Mbuzi wawili?"

"Wawili, Baba."

"Na shamba lilikuwa la mwingine."

Nikamwonyesha hesabu ya nchi yenyewe: watu wapatao 880,000 mwaka 1801, milioni 1.7 mwaka 1865, na ardhi inayolimika asilimia chache tu, iliyobaki ni milima na misitu. Mtoto wa kiume wa nne wa husmand angerithi nini? Wakati huohuo Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya 1862 ya kugawa ekari 160 kwa atakayekaa na kulima miaka mitano. Wao waliokuwa wakipima shamba kwa mapipa ya viazi waliisikia habari hiyo ikisomwa kwenye barua za jirani aliyetangulia.

Julai

Kwenye kitabu cha Nes kuna sehemu ya waliohama usharika. Majira ya kuchipua ya 1869, mistari inajaa neno moja, Amerika, Amerika, Amerika. Ole yuko hapo. Polisi nao waliweka daftari za wahamiaji kwenye bandari. Za Christiania, Oslo ya leo, zinaanza 1867, kwa hiyo tumebahatika. Waliotangulia hapo hawana daftari la kuwasaidia. Ole ameandikwa Aprili 1869, kijana asiyeoa, wa Nes, tiketi mpaka Quebec.

Quebec ilimshangaza kila mtu mezani, lakini ndiyo ilikuwa njia ya kawaida. Meli ndogo iliwavusha Bahari ya Kaskazini hadi Hull, Uingereza. Treni ikawapeleka Liverpool. Meli ya mvuke ikavuka Atlantiki kwa kama wiki mbili, badala ya miezi miwili au zaidi ya meli za matanga. Kutoka Quebec ni reli na maziwa makuu kuelekea magharibi. Orodha za abiria za Quebec zimesalia kuanzia 1865 na zinatunzwa na hifadhi ya taifa ya Canada. Ole yumo, jina limeandikwa kwa sikio la Mwingereza, lakini umri ni wake na wanaomzunguka ni walewale wa daftari la Christiania.

Tarehe 4 mwezi huu nakala ya ile Restauration imeondoka Stavanger kuja New York kwa njia ya mababu. Tumetazama na watoto. Mdogo ameuliza choo kiko wapi.

Agosti

Mwezi wa ndugu. Nimetumia ule mtindo wao wa kurithisha majina: mtoto wa kwanza wa kiume babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa mabibi. Mtoto akifa, anayefuata wa jinsia hiyo mara nyingi anapewa jina lilelile, kwa hiyo ukiona akina Ole wawili katika nyumba moja usifikiri karani amesinzia. Nenda kwenye orodha ya mazishi kwanza.

Kaka yake Ole alimfuata, na dada yao mmoja. Walitawanyika kwa majina. Ole alichukua jina la shamba. Kaka yake, tumbo moja, akabaki Hanson na watoto wake wote wakawa Hanson. Dada akaitwa kwa jina la mume kama desturi ya Marekani. Vizazi vitatu baadaye wajukuu wa Haugen na wa Hanson walikuwa wakikaa benchi moja kanisani bila kujua kwamba ni ndugu. Mume wangu amekumbuka kuna binti mmoja wa Hanson aliyekuwa anampenda sekondari. Nimeandika pembeni.

Hata wakubwa wamepita humo. Ukifika bungeni hapa Saint Paul utaona sanamu ya Knute Nelson, gavana wa kwanza wa Minnesota mzaliwa wa Norwei na baadaye seneta kwa miaka mingi. Alizaliwa Evanger, karibu na Voss, 1843, mama yake akiwa hajaolewa, akaja naye Marekani 1849. Hilo Nelson limetoka kwa Nils, mume aliyeolewa naye mama yake huku. Ukimtafuta Nelson kwenye ubatizo wa Evanger utatafuta mpaka uzeeke. Na Walter Mondale, makamu wa rais kuanzia 1977 hadi 1981, jina lake ni Mundal, mahali palipo Fjærland katika mkoa wa Sogn, herufi zimetikiswa kidogo tu.

Septemba

Faili la ardhi limefika kutoka hifadhi ya taifa Washington. Hati yenyewe ya umiliki inapatikana bure mtandaoni kwenye kumbukumbu za ofisi ya ardhi, ila ina jina, mipaka na tarehe tu. Utamu uko kwenye faili, na watu wengi hawaagizi.

Ole aliandikisha ekari zake 160 kaunti ya Otter Tail mwaka 1872. Alipokuja kuthibitisha, majirani wawili waliapa mbele ya karani. Nyumba ya magogo, futi 14 kwa 16, mlango mmoja, madirisha mawili, paa la mbao na udongo wenye majani. Zizi. Kisima. Ekari zilizovunjwa na kulimwa, na zilizozungushiwa uzio. Karani aliuliza kama aliwahi kuondoka shambani. Ole akajibu kwamba mwaka wa nzige alikwenda kusini kufanya kazi ya mavuno kwa miezi kadhaa, mkewe akabaki. Nzige wa milima ya Rocky waliitafuna Minnesota kati ya 1873 na 1877, na familia nyingi zilikula kwa vibarua vya mbali namna hiyo.

Ndani ya faili kuna nakala ya karatasi yake ya uraia. Zile za kabla ya 1906 kwa kawaida hazisemi mtu kazaliwa kijiji gani, na hii haikusema. Lakini imetiwa saini. Ole Hansen Haugen, majina yote matatu, kwa herufi za Kigothi zilizosimama wima kama za mtu aliyefundishwa na mchungaji mkali. Ndipo alipoliokota jina la tajiri wa kule Nes na kulifanya lake, akiwa sasa na ardhi inayozidi ya tajiri huyo.

Baba mkwe ameomba nakala kubwa ya ukurasa wa majirani wawili. Mmoja wao ametia alama ya msalaba badala ya saini.

Oktoba

Hali ilivyo. Kwa Ole tumefika kwa wazazi, na kwa vitabu vya Nes nimempata Hans akibatizwa na Kari akibatizwa. Zaidi ya hapo kurasa zinakuwa ngumu. Kabla fomu za kuchapwa hazijaja, mchungaji aliandika habari zote kwa mfululizo, na siku anaitaja kwa kalenda ya kanisa, Jumapili ya tatu baada ya Utatu na kadhalika, kwa hiyo kila tarehe inataka kutafutwa Pasaka ya mwaka ule kwanza. Baba yangu Iringa amejitolea hizo. Namtumia picha kwa simu, ananirudishia tarehe jioni, na hajawahi kukataa hata ule mwandiko mbaya.

Sensa ya 1801 inataja kila mtu kwa jina, lakini zilizofuata mpaka 1855 nyingi ni hesabu tupu, kwa hiyo Hans itabidi afungwe na mirathi. Mashauri ya mirathi yanataja warithi wote na walipo, na nimeshaona katika familia nyingine mstari unaosema fulani "yuko Amerika". Vitabu vya historia ya mashamba ya Hallingdal vipo pia kwenye maktaba ya taifa ya Norwei, ila vingi vinafunguka ukiwa nchini humo, wa nje tunaomba ruhusa. Nimeomba.

Miti ya mtandaoni nimewaandikia wenyewe, nikawawekea ukurasa wa ubatizo, wa kipaimara na wa daftari la Otter Tail. Mmoja amerekebisha na kushukuru. Mwingine amejibu kwamba jiwe la kaburi haliwezi kukosea.

Sasa zamu ya mkewe Ole. Jiwe lake linasema alizaliwa Bergen, na mama mkwe anapenda kusema upande huo walikuwa watu wa mjini. Lakini Bergen ilikuwa pia jina la dayosisi nzima, fiyodi (ghuba nyembamba kati ya milima) na visiwa kwa mamia, na ilikuwa bandari ya kuondokea. Mama mkwe sijamwambia bado. Nimerudi kwenye daftari la Otter Tail, mstari wa nane, na mchungaji ameandika neno lingine kabisa, lina herufi sita, linaanza na L au S.